Pesa Kizimbani

Ndugu wanachama, na walimu wetu mnaotusoma: likizo inakaribia, na kama kawaida kuna mwenzetu atakayepanda ndege akiwa amebeba pesa za watu. Mchango wa harusi, rambirambi, zamu ya upatu, ada ya mdogo wa fulani. Kwetu kuaminiwa hivyo ni heshima. Kwa askari wa hapa Marekani, bahasha nene ya noti ni habari nyingine.

Kiswahili hakikosi maneno ya serikali kuchukua mali ya mtu. Kutaifisha tunakujua tangu Azimio la Arusha, 1967. Kufilisi humfuata mwenye deni. Lakini bado tunatafuta neno la utaratibu wa hapa ambao mali yenyewe ndiyo hushtakiwa, hata kama mwenyewe hakushtakiwa kwa lolote. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya dola 124,700. Dhidi ya dola! Walimu wa sarufi watuambie kama ngeli hiyo inaweza kutenda kosa.

Mwenye pesa alisimamishwa barabarani Nebraska kwa mwendo kasi. Aliulizwa kama amebeba fedha nyingi, akakana. Zikakutwa ndani ya sanduku la barafu. Akaeleza kwamba yeye na marafiki zake walichanga wanunue lori la friji. Dawa za kulevya hazikuonekana. Mbwa wa polisi tu ndiye aliyeashiria harufu. Hakimu wa kwanza alimwamini. Mahakama ya rufaa ikasema serikali izichukue. Tunaisoma hukumu ile na kuona upatu wetu humo.

Uwanja wa ndege una sheria yake. Mwaka 1994 Hosep Bajakajian alikuwa Los Angeles akisafiri na familia yake kwenda Cyprus, na dola 357,144 ambazo hakuzitangaza. Zilikuwa halali, za kulipia deni. Safari hii aliyeshtakiwa ni mtu, si pesa, na serikali ilizitaka zote. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba adhabu hiyo imepita kiasi mno. Alishinda, ndiyo, baada ya miaka minne.

Na kosa lenyewe lilikuwa fomu! Kubeba zaidi ya dola 10,000 kuingia au kutoka nchini hakukatazwi, wala kuzitangaza hakutozwi kodi. Kinachotakiwa ni kujaza fomu ya FinCEN 105, na pesa za watu ulizobeba zinahesabiwa pamoja na zako.

Zikikamatwa, barua huja ikitaja siku ya mwisho ya kudai, kwa kawaida siku 35 tangu ilipotumwa. Wakili wa bure hupewi kama mshtakiwa wa jinai anavyopewa, isipokuwa kinachodaiwa ni nyumba unayoishi na huna uwezo. Hapo ndipo tunapoona dhuluma: nani atamlipa wakili dola elfu tano ili aokoe elfu nne? New Mexico iliufuta utaratibu huu mwaka 2015. Mahakama Kuu, mwaka 2024, ilikataa kuwapa wenye mali haki ya kusikilizwa mapema wakati kesi inasubiri.

Kwa hiyo atakayebeba mchango safari hii aondoke na orodha ya waliochanga, majina na viwango, na ujumbe wa simu wenye tarehe. Akiulizwa kiasi, ataje chote.