Aliyeumia Kazini Arudishwe Kazini, Asifunguliwe Genge

Msimamizi wa kurudi kazini ni mtu anayeajiriwa kwa jukumu moja: kuwa pamoja na mfanyakazi aliyeumia au kuugua, tangu akiwa bado wodini hadi atakapotulia tena katika kazi inayomlipa. Si daktari, si mwanasheria wa madai, wala si mgawaji wa misaada. Huzungumza na daktari kuhusu mwili wa mgonjwa, na mwajiri kuhusu kazi iliyopo, na familia kuhusu hali ya nyumbani, kisha huyaweka hayo matatu katika mpango mmoja wenye tarehe. Penye bima ya ajali kazini iliyokomaa, mtu huyu ni wa kawaida kama mhasibu. Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Moshi kwa jumla, ni nadra kumkuta, na sababu kubwa si ukosefu wa fedha. Ni imani iliyoenea kwamba hahitajiki.

Imani hiyo husemwa kwa maneno machache: alipwe haki yake, apumzike, ndugu watamwangalia. Mpagazi anayeharibika goti akishuka Kilimanjaro, fundi mwashi anayeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, kijana wa bodaboda anayevunjika mguu kwenye mteremko wa kwenda mjini, mfanyakazi wa kiwandani anayekatwa vidole na mashine, wote hupokelewa kwa namna moja. Ukoo hukaa kikao. Walioko Dar es Salaam na Arusha hutuma fedha kwa simu, jumuiya ya kanisani huchangia, na baada ya miezi kadhaa aliyeumia hufunguliwa genge kando ya barabara: sukari, sabuni, viberiti, nyanya, vocha. Kila mtu hurudi kwake akiamini ametimiza wajibu. Ni imani ya watu wema, na ndiyo maana imedumu. Lakini ni potofu, na inawapotezea walioumia miaka yao ya nguvu.

Genge hudharau alichokuwa anakijua mtu. Fundi aliyejenga kwa miaka 15 anajua kusoma ramani, kukadiria mifuko ya saruji, kupanga vibarua na kugundua ukuta uliopinda kwa jicho tu. Mguu uliovunjika haukuondoa lolote kati ya hayo. Akiketishwa nyuma ya meza ya nyanya, ujuzi wote huo hutupwa, naye huanza upya katika biashara asiyoijua, kwenye barabara yenye magenge mengine kadhaa yanayouza vitu vilevile. Wateja wake ni shangazi, binamu na majirani, ambao ni vigumu kuwanyima mkopo na vigumu zaidi kuwadai. Mtaji ukiisha, ukoo husema alijaribiwa akashindwa. Hakujaribiwa. Aliwekwa mahali ambapo hata mzima wa viungo angepata shida.

Wataalamu wa fani hii hufuata mpangilio unaoeleweka vizuri. Kwanza huangalia kama mtu anaweza kurudi katika kazi ileile kwa mwajiri yuleyule. Ikishindikana, hutazama kazi ileile iliyorekebishwa. Kisha kazi nyingine kwa mwajiri huyohuyo. Kisha mwajiri mwingine. Kisha mafunzo ya ufundi mpya. Kujiajiri kwa mtaji mdogo huwa mwisho wa orodha, kwa sababu humtaka mtu awe na nguvu, fedha na uzoefu wa biashara kwa wakati ambao ana upungufu wa vyote. Desturi ya Kibosho imeigeuza orodha hiyo: hatua ya mwisho imekuwa ya kwanza, na zile za mbele hazijaribiwi kabisa.

Sheria ya Tanzania haikukusudia hivyo. Kwa miaka mingi fidia ililipwa chini ya sheria ya kikoloni ya 1949, ambayo viwango vyake vilibaki palepale hadi aliyepata ulemavu wa kudumu akawa anastahili kiasi kisichozidi shilingi 108,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilifuta aibu hiyo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015, ukigharamiwa na michango ya waajiri. Mfuko hulipia matibabu. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 huleta pensheni ya kila mwezi. Na katika orodha hiyohiyo ya mafao, kando ya fedha na matibabu, limo fao la huduma za utengamao, yaani kumrudisha mtu katika hali ya kujitegemea na kufanya kazi. Wananchi wengi wanaijua hundi. Fao hili hawalijui. 

Zipo pia Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazomtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mfanyakazi kwa sababu ya afya, atafute kwanza kama kuna kazi mbadala au namna ya kurekebisha ile ya awali, na wajibu huo ni mzito zaidi pale mtu alipoumia akiwa kazini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Kampuni inayomwondoa mpagazi aliyeumia goti, kisha ikaanza kuulizia wapi itapata mlemavu wa kuajiri ili itimize asilimia tatu, imekosa mtu wa kuiambia kwamba ilikuwa naye tayari.

Pengo lenyewe huonekana vizuri zaidi katika maneno mawili ambayo daktari huandika kwenye karatasi ya ED, yaani ya kumruhusu mgonjwa kupumzika kazini: kazi nyepesi. Daktari hajawahi kuiona kazi ya mgonjwa wake. Mwajiri anayepokea karatasi hujibu, pengine kwa ukweli wake wote, kwamba kwake hakuna kazi nyepesi. Mfanyakazi hukaa kati ya majibu hayo mawili mpaka ajira inakufa yenyewe. Msimamizi wa kurudi kazini huenda hadi kazini na kutazama. Katika kiwanda cha kukoboa kahawa, gunia la kahawa safi lina kilo 60, na aliyeumia mgongo hatalibeba tena. Lakini magunia hayo yanapimwa, yanashonwa, yanaandikiwa alama na kuhesabiwa. Sampuli zinachambuliwa mezani. Stoo ina vitabu vyake. Mpagazi, ambaye mzigo wake mlimani una kikomo cha kilo 20, huenda asipande tena, ila kila safari inayotoka geti la Umbwe au la Machame hutanguliwa na kazi ya bondeni: kukarabati mahema, kupima mizigo, kununua na kufungasha chakula, kutunza vifaa. Mhudumu wa wodi aliyeumia kiuno anaweza kufanya mapokezi. Kazi nyepesi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuivunja kazi nzito vipande na kuona kipande kipi kinabebeka na nani.

Moshi ina bahati ambayo sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazina. Hospitali ya KCMC imekuwapo tangu 1971. Katika eneo lake kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. KCMC hufundisha pia wataalamu wa tiba kwa mazoezi na wa tiba kwa vitendo. Karibu na nyumbani ipo Hospitali ya Kibosho, na mjini kuna chuo cha ufundi cha VETA. Mtu anaweza kutengenezewa mguu bandia na kufundishwa kutembea juu yake bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Halafu anapanda kwenda nyumbani. Njia za Kibosho ni mwinuko na mteremko, zimekatwa na mifereji ya kumwagilia, na kuanzia Machi hadi Mei udongo wake mwekundu huteleza hata kwa mwenye miguu miwili. Mguu uliopimwa kwenye sakafu ya saruji sasa unashuka kihambani, yaani shambani kwa nyumbani, kwenye matope. Kidonda kikitokea, mguu huvuliwa na kuegeshwa ukutani, na mwenyewe huanza kuitwa mgonjwa. Kazi yote ya daktari, fundi na mwalimu wa mazoezi hupotea katika kilomita hizo chache za mwisho kwa kukosa mtu mmoja wa kufuatilia: kumrudisha kwa fundi soketi ya mguu irekebishwe, kuomba zamu zake zisianze alfajiri, kumtafutia usafiri kwa miezi ya mvua. Hii ni kazi ya kila wiki, yenye simu nyingi na miguu mingi. Haiwezi kufanywa na ndugu anayekuja Krismasi.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba ukoo unatosha. Ukoo unatosha kwa chakula, kwa faraja na kwa nauli ya hospitali, na hakuna ofisi itakayoushinda hapo. Lakini ukoo haujui kujadiliana na meneja kuhusu saa za kazi, haujui tarehe za madai, na mara nyingi humpenda mgonjwa kiasi cha kumkataza kujaribu. Hoja ya pili husema kazi hii ni ya afisa rasilimali watu. Afisa huyo hulipwa na upande mmoja wa meza. Mfanyakazi aliyeumia hatamweleza maumivu yake ya kweli, akihofia kesho yatatumika kumwachisha. Hoja ya tatu ni gharama. Mfuko unaolipa asilimia 70 ya mshahara hadi miezi 24, na pengine pensheni baada ya hapo, ndio wenye sababu kubwa kuliko wote ya kumlipa mtu atakayefupisha muda huo.

Wengine wameshaipiga hesabu hiyo. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na kanuni iliyokuja kuongoza mfumo wake ni kwamba utengamao hutangulia pensheni. Malaysia iko karibu zaidi na hali ya Tanzania. Shirika lake la hifadhi ya jamii, SOCSO, lilianzisha mwaka 2007 mpango wa kuwarudisha wafanyakazi kazini, na kiini chake kilikuwa kuajiri wasimamizi wa mashauri, kila mmoja akikabidhiwa majina ya watu wa kufuatilia. Malaysia haikungoja kwanza iwe tajiri kama Ujerumani.

Hoja nzito kuliko zote ni ya nne: wengi wa Kibosho hawana mwajiri. Wana kihamba, ng'ombe, pikipiki au vibarua vya siku, na Mfuko unahusu waajiriwa. Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake ni kwamba msimamizi mmoja angalau aajiriwe na hospitali, si na mwajiri, ili ahudumie anayeletwa na ajali yoyote. Mkulima naye ana kazi inayoweza kuvunjwa vipande. Asiyeweza tena kupanda miti au kubeba majani ya ng'ombe anaweza kukaa akiotesha na kubebesha miche ya kahawa, ufundi ambao taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo jirani Lyamungu, inaujua vizuri. Chama cha msingi cha ushirika kinahitaji karani wa mizani. Msimamizi mwenye orodha ya nafasi kama hizo atafanya mengi kwa mshahara mmoja.

Ajira hii ina masharti yake. Anayefaa ni mhitimu wa tiba kwa vitendo au wa ustawi wa jamii aliyekwisha kufanya kazi nje ya ofisi, anayejua sheria za kazi, na asiyeona haya kuingia jikoni mwa hoteli au shimo la mchanga akiuliza kila mtu anainua nini, mara ngapi. Usaili usiishie kwenye vyeti. Apewe faili la mgonjwa na siku moja ya kutembelea kiwanda, kisha aandike mpango wa wiki 12. Kwenye karatasi hiyo uwezo wake utaonekana. Kusikia Kichagga kutamsaidia, kwa kuwa wazee wa nyumbani ndio wenye kauli katika kikao. Mwombaji mwenye ulemavu apewe uzito unaostahili, maana anaijua njia hiyo kwa mwili wake. Mkataba ulinde siri za afya za mfanyakazi, na utendaji wake upimwe kwa idadi ya watu walio kazini miezi sita baada ya kurudi. Idadi ya mafaili yaliyofungwa si kipimo. Asipewe watu wengi kiasi cha kushindwa kuwatembelea, kwani msimamizi asiyefika kazini kwa mtu ni karani tu.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hospitali za Moshi na kampuni za utalii zinazopandisha watalii mlimani hazina sababu ya kuendelea kungoja. Nafasi hii itangazwe katika bajeti ijayo, kwa jina lake na mshahara wake, na kituo chake kiwe Moshi. Na ukoo utakaokaa kikao wiki hii kuhusu kijana wake aliyevunjika, kabla ya kuchanga fedha za genge, umtume mtu mmoja kwa mwajiri akaulize ni kazi gani iliyobaki anayoweza kuifanya.