Kwa nini viwanda vya bara huagiza malighafi kabla ya kupata oda

Mfanyabiashara wa Juba anapompigia simu mwenye kiwanda cha sabuni Jinja katikati ya Julai, akitaka katoni 10,000 zifike tarehe 1 Septemba, huamini ametoa oda mapema. Wiki sita si haba. Ndani ya kiwanda, hata hivyo, hesabu ni nyingine kabisa. Siku ya mwisho ya kuagiza manukato ya sabuni hiyo ilipita katikati ya Mei, na ya kostiki soda ikapita mwanzoni mwa Juni. Kitu pekee ambacho bado kinaweza kuagizwa kwa ajili ya oda ile ni maboksi.

Huo ni mfano tu, lakini kila mwenye kiwanda kuanzia Eldoret hadi Bujumbura anaujua. Unaeleza pia ugomvi usiokwisha kati ya viwanda, wateja wao na wenye malori: mteja analalamika kuwa kiwanda hakitimizi ahadi, kiwanda kinamlaumu msafirishaji, na msafirishaji anailaumu bandari au mpaka.

Namna viwanda vinavyopanga mahitaji ya malighafi na vipuri haina miujiza. Iliwekwa katika mfumo wa kompyuta nchini Marekani miaka ya 1960, na Joseph Orlicky wa kampuni ya IBM akaiandikia kitabu mwaka 1975. Msingi wake ni maswali matatu: kinatakiwa nini, kiasi gani, na lini. Hesabu huanzia siku ya kukabidhi mzigo na kurudi nyuma.

Katoni ikiwa na miche 20 ya gramu 800, katoni 10,000 ni tani 160 za sabuni. Kwa sabuni ya kufulia ya kawaida, hapo yatahitajika mafuta ya mawese tani 95 hivi, kostiki soda karibu tani 13 na nusu, manukato yasiyozidi nusu tani, na maboksi 10,000 pamoja na mia mbili za kufidia yatakayochanika. Baada ya hapo mtunza stoo hutoa alichonacho. Tuseme ana tani 5 za soda kwenye rafu na tani 4 zilizo njiani. Pengo ni tani 4 na nusu. Lakini hakuna muuzaji wa ng'ambo atakayefunga tani 4 na nusu. Kontena la futi 20 hubeba tani 20 na zaidi, na ndilo litakaloagizwa. Zinazobaki zitalala stoo zikiwa zimebeba fedha za kiwanda.

Kisha zinakuja tarehe. Ili mzigo uwe Juba tarehe 1 Septemba, lori liondoke Jinja tarehe 25 Agosti, kwa kuwa karatasi za Elegu na Nimule nazo zina siku zake. Kupika, kukausha na kufunga ni siku kumi na tatu, hivyo malighafi zote ziwe ndani ifikapo tarehe 12. Toa siku 12 za kutoa mzigo bandarini Mombasa na kuusafirisha hadi Jinja: meli iwe imetia nanga tarehe 31 Julai. Soda inayotoka China ikikaa baharini siku 30, pamoja na kubadilisha meli njiani, na muuzaji akahitaji wiki tatu kuiandaa, agizo litoke tarehe 10 Juni. Maboksi ya Nairobi yanaweza kusubiri hadi tarehe 25 Julai.

Manukato ndiyo yenye mkasa. Ni kidogo, hayajazi hata kona moja ya stoo, na kwa kuwa mengi hutoka Ulaya ndiyo hukaa njiani muda mrefu kuliko vyote. Baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza Novemba 2023, kampuni kubwa za meli zilianza mwezi uliofuata kukwepa Bab el-Mandeb na mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzunguko huo uliongeza wiki mbili hivi. Katika mfano huu, agizo lililokuwa likitoka mwisho wa Mei likarudi katikati ya Mei. Kiwanda ambacho hakikubadilisha tarehe hiyo kwenye jedwali lake kingejikuta na tani 95 za mafuta, soda ya kutosha, vibarua getini na mitambo imesimama, kisa ni mapipa machache ya manukato.

Waagizaji wengi walidhani wakati ule kwamba mizigo ya China na India haiguswi, kwa kuwa haipiti Bahari ya Shamu. Njia haikuguswa, ni kweli. Lakini meli na makontena ni yale yale duniani kote. Safari za Ulaya zilipokuwa ndefu, meli zikawa adimu na nauli ikapanda hata kwa asiyejua Suez iko wapi. Mwaka 2021 ilitosha meli moja, Ever Given, kukwama kwenye mfereji huo kwa siku sita mwezi Machi.

Katika jedwali la mtunza stoo, hata hivyo, safu inayoharibika mara nyingi kuliko zote ni ile ya mzigo ulio njiani, na safu hiyo hujazwa na msafirishaji. Neno lake ndilo linaloandikwa. Akisema lori liko Malaba na kumbe bado liko Mariakani na gurudumu limepasuka, kiwanda kinapanga zamu ya watu kwa soda ambayo haipo. Jibu la "liko njiani, bosi" limekuwa salamu kwenye biashara hii. Cha ajabu ni kwamba tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya kupita kwa lakiri za kielektroniki. Serikali inaona kontena lilipo, na mwenye kontena anabembeleza simu ya dereva.

Wenye malori nao wana haki ya kujibu. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na mengi ya yanayowachelewesha hayako mikononi mwao. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara na reli, na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda. Mwaka 2020 vipimo vya korona kwa madereva viliweka foleni za makilomita Malaba na Busia. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna Februari 2019 na kuufungua tena 31 Januari 2022, na kwa miaka hiyo kiwanda kilichozoea kununua au kupitisha mzigo upande wa pili kililazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 2021 madereva waligoma kuvuka Elegu baada ya wenzao kuuawa kwenye barabara ya Juba. Hakuna jedwali linaloweza kuyapanga hayo.

Kuna pia yaliyopungua. Tangu mwaka 2014, chini ya himaya moja ya forodha, kodi ya mzigo wa Uganda au Rwanda hulipwa kabla haujatoka bandarini, na vituo vya pamoja vya mpakani vimeondoa ule mtindo wa kushushwa karatasi mara mbili. Safari ya wastani ni fupi kuliko ya miaka ishirini iliyopita.

Lakini kiwanda hakipangi kwa wastani, na hapa ndipo wasafirishaji wengi hawajaelewa wateja wao. Lori linalofika mara nyingine kwa siku nne na mara nyingine kwa siku kumi na mbili huandikwa siku kumi na mbili. Mpangaji anayeandika saba atasimamisha mtambo mara mbili kwa mwaka na kufukuzwa kazi. Hivyo kiwanda huweka akiba ya tahadhari kwa ajili ya tofauti ile. Tuseme akiba hiyo ni ya dola 100,000 na inakaa siku 30 zaidi, kwa mkopo wa benki wa asilimia 18 kwa mwaka. Riba peke yake ni karibu dola 1,480, na bado hujahesabu kodi ya stoo, mlinzi na soda inayovuta unyevu na kuganda. Msafirishaji anayedai dola 200 zaidi kwa kontena lakini anafika siku ya sita kila mara anaweza kuwa rahisi kuliko wa bei ya chini asiyejulikana atafika lini. Wenye magari wachache wanaokwenda kwenye mazungumzo ya bei wakiwa na rekodi ya safari zao za miezi sita, tarehe ya kutoka na tarehe ya kufika, wanauza kitu ambacho wenzao hawana.

Kosa la hesabu huweza pia kugeuka kodi. Chini ya utaratibu wa nafuu ya ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiwanda huomba kuingiza malighafi fulani kwa ushuru mdogo, na kibali hutangazwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya kikiwa na jina la kiwanda, kiasi na muda wake. Mfano unaojulikana zaidi ni sukari ya viwandani, inayoingia kwa asilimia 10 wakati ushuru wa kawaida wa sukari ni asilimia 100. Mwenye kiwanda cha soda au biskuti aliyeomba tani pungufu hawezi kujaziliza pengo kwa simu moja. Ama anasubiri kibali kingine, ama anapunguza uzalishaji katikati ya msimu. Aliyeomba kupita kiasi naye ataulizwa sukari hiyo ilikwenda wapi, na maofisa wana sababu ya kuuliza, maana sukari ya viwandani kuuzwa madukani ni kilio cha zamani.

Viwanda vidogo ndivyo vinavyobanwa zaidi. Kiwanda kikubwa huagiza makontena kumi na kuyasambaza kwa wiki. Likichelewa moja, tisa yapo. Kidogo huagiza moja, mara nyingi kwa fedha ya mteja aliyelipa nusu. Baadhi wameanza kununua soda na manukato kwa wakala wa Nairobi au Kampala badala ya kuagiza wenyewe. Bei kwa kilo inakuwa juu, lakini muda wa kusubiri unashuka kutoka miezi miwili hadi siku chache, na hawalazimiki kuchukua kontena zima. Kwa anayepika tani 20 kwa mwezi, hesabu hiyo mara nyingi inakubali.

Kuhusu mfanyabiashara wa Juba, sabuni anayoipata Septemba hutokana na makadirio ambayo ofisa manunuzi wa Jinja aliyafanya mwezi Mei kwa kuangalia mauzo ya mwaka uliopita. Mteja anayetaka kuondoka kwenye kubahatisha huko hahitaji kulipa fedha zote mapema. Ujumbe wa mwezi Aprili unaosema anatarajia katoni 8,000 hadi 12,000 mwanzoni mwa Septemba, hata ukija bila senti, unaweza kuingizwa kwenye jedwali kabla manukato hayajaagizwa. Kuna viwanda vinavyotoa nafasi ya kwanza kwa wateja wa namna hiyo malighafi zinapopungua. Aliyepiga simu Julai huambiwa asubiri meli inayofuata.