Kompyuta ya kamati imezeeka: tupandishe mfumo au tubaki tulipo?



Ndugu wasomaji, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo pengine hamkulitarajia katika kurasa hizi, nalo ni kompyuta. Tumelazimika. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya ulinzi kwa mfumo endeshi wa Windows 10, haijapita wiki bila sisi kuulizwa swali lile lile. Ameuliza mwenye duka, ameuliza mwalimu wa madrasa, ameuliza kijana wa chuo aliyerithi kompyuta ya kaka yake: je, tupandishe kwenda Windows 11, au tubaki tulipo? Sisi wenyewe katika kamati ya msikiti swali hilo limetugharimu vikao viwili, na cha pili nusura kituingize katika wakati wa Isha.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, tuliyopewa na muumini mmoja aliyekuwa akifunga ofisi yake. Si mbaya kwa sura. Ndani yake mna orodha ya watoto wa madrasa na ada zao, hesabu za mfuko wa mazishi, majina ya mayatima na wajane wanaopelekewa misaada pamoja na namba zao za simu, na kumbukumbu za ndoa zilizofungwa msikitini. Ukiitazama hivyo, utaona kwamba chombo chenyewe si kitu. Kilichomo ndani ndicho amana ya watu.

Mwenyekiti wetu, mzee aliyevuka miaka sabini, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Wanangu, hii kompyuta imekataa kuwaka?" Tukamjibu, la, inawaka. "Printa imegoma?" Haikugoma. "Basi ina ugonjwa gani?" Vijana walicheka, lakini swali la mzee lilikuwa la haki, na wengi majumbani wanaliuliza. Mfumo endeshi ukifikia mwisho wa muda wake haufi. Kesho yake kompyuta huwaka kama jana, barua huandikwa, picha hufunguka. Kinachokoma ni ukarabati. Kila mwezi wataalamu hugundua matundu mapya katika mifumo hii, na mtengenezaji huyaziba kwa masasisho. Masasisho yakikoma, tundu litakalogunduliwa mwezi ujao litabaki wazi, na wezi wa mitandaoni watajua kwamba liko wazi.

Tulimtajia mzee mfano wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilienea duniani, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za umma nchini Uingereza zilikumbwa, wagonjwa wakarudishwa na miadi ikafutwa. La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikwisha kutoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado ukihudumiwa, ila wenyewe hawakuweka kiraka. Ikiwa hayo yaliwapata waliokuwa na dawa mkononi, sembuse asiyeletewa dawa kabisa? Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Endeleeni."

Hata hivyo hatukutaka kukimbilia kupandisha, na sababu yake tunaieleza ijapokuwa inatuaibisha.

Mwaka 2020, Windows 7 nayo ilipofikia mwisho wake, tulikuwa wageni katika ukatibu, tena wenye haraka. Tulikwisha kuliweka kando daftari la ndoa kwa miezi kadhaa, tukiona limepitwa na wakati, na kila nikaha tukiiandika kwenye kompyuta peke yake. Usiku mmoja tukaanza kupandisha mfumo bila kutoa nakala ya akiba. Katikati ya kazi umeme ukakatika, na hatukuwa na kifaa cha kuhifadhi umeme. Kompyuta haikuwaka tena mpaka fundi alipoifuta yote na kuanza upya. Hesabu tulizipata kwa kukusanya stakabadhi. Kumbukumbu za ndoa za miezi ile zikapotea.

Mwaka uliofuata alikuja dada mmoja akiwa katika eda. Mumewe alifariki ghafla, cheti chao kilikuwa kimepotea walipohama nyumba, na ndugu wa marehemu walitaka ushahidi wa ndoa kabla ya mirathi kugawanywa. Ndoa yake ilikuwa katika miezi ile ile. Tulimwambia asubiri. Alisubiri wiki tano, tukimtafuta shahidi mmoja aliyehamia mkoa mwingine, na wa pili aliyekuwa kazini Muscat, mpaka wote wawili wakaandika walichokishuhudia. Alhamdulillah haki yake haikupotea. Ila kila tunapoona ule ujumbe wa "sasisha sasa" kwenye skrini, humkumbuka yeye, amekaa kwenye benchi la ofisini na mtoto mapajani, akituuliza kwa adabu kama kuna habari yoyote.

Kwa hiyo kikao cha pili kilianza na kazi ya kuipima kompyuta kabla ya ubishi wowote. Nanyi nyumbani mnaweza kufanya hivyo kwa dakika tano. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha sehemu inayoeleza kuhusu kompyuta, usome jina la kichakataji. Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kijichipu cha ulinzi kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kikwazo cha wengi lakini ni kichakataji. Kwa vile vya Intel Core, kwa kawaida vinavyokubaliwa ni kuanzia kizazi cha 8, na kizazi husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-6500 ni ya kizazi cha 6. Yetu ni i5-6500. Mjadala wa kupandisha kwa njia halali ukaishia hapo.

Msomaji ambaye kompyuta yake inakubalika hana haja ya kusumbuka sana. Atoe nakala za mafaili yake kwanza, ahakikishe umeme upo, apandishe. Mwenye Windows 10 halali hatozwi kitu. Mazungumzo yetu ni ya wale waliokataliwa kama sisi, na katika nchi yetu, ambako kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa zimetumika kwingine, hao si wachache.

Fundi mmoja alitushauri kwamba ipo njia ya kuilaghai kompyuta ikubali Windows 11 kwa nguvu, na kwamba angeimaliza kazi baada ya Asri, pamoja na kuweka programu ya kufungulia leseni. Kijana huyo ana mikono myepesi na hatumdharau. Ila kompyuta iliyolazimishwa haina dhamana ya kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta tangu mwanzo. Ama programu ya kufungulia leseni, nyingi katika hizo hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi ndipo zifanye kazi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, nawe nyumbani una amana za mayatima, utamfungulia mlango? Achilia mbali kwamba ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila idhini yake, jambo ambalo mjumbe mmoja alilitaja kwa sauti ya chini na hakuna aliyembishia.

Ipo nafuu ya muda. Kwa kompyuta za nyumbani, Microsoft imeruhusu masasisho ya ulinzi ya Windows 10 yaendelee hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Bei iliyotangazwa ni dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti yake ya Microsoft. Kwa familia yenye mtoto aliye katikati ya mitihani tunaona hiyo ndiyo njia ya kuchukua, ili uamuzi mkubwa usubiri likizo. Taasisi zina utaratibu mwingine, unaoanzia dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza na kuongezeka maradufu mwaka unaofuata. Mweka hazina wetu aliposikia hivyo alifunga daftari lake.

Kununua kompyuta nyingine hatukukujadili kwa dakika tatu. Paa la madrasa linavuja.

Ikabaki Linux. Hiyo ni mifumo endeshi ya bure, halali kuinakili na kumgawia jirani. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni mmoja wao. Linux Mint ni mwingine, na wengi huuona unafanana zaidi na Windows waliyoizoea. Mashine za umri wa yetu huendesha Mint bila taabu. Uzuri mmoja ni kwamba unaweza kuuweka kwenye flashi na kuujaribu bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Tulifanya hivyo Jumamosi mbili. Barua zilifunguka katika LibreOffice, maandishi ya Kiarabu yalikaa sawa, printa ilitambuliwa. Kilichokataa ni jedwali la mfuko wa mazishi, ambalo marehemu katibu aliyetutangulia alilitengeneza kwa amri za Excel zinazojiendesha zenyewe. Lilifunguka, namba zikaonekana, lakini vitufe vyake havikufanya kazi. Hasara hiyo si ndogo. Mweka hazina analijua jedwali lile kama mtu anavyojua njia ya kwao gizani, na kumtaka aanze upya akiwa na miaka hamsini na tisa si jambo la kuamuliwa na vijana pekee.

Tukamuuliza yeye mwenyewe. Akasema apewe miezi mitatu, na mtu wa kukaa naye.

Uamuzi basi ukawa huu. Kompyuta itawekwa Linux Mint mwezi ujao, mchana, umeme ukiwepo. Kabla ya hapo mafaili yote yatanakiliwa mara mbili, kwenye diski moja itakayokaa ofisini na nyingine nyumbani kwa mwenyekiti, na mtu wa pili atayafungua kuhakikisha yanasomeka. Kompyuta ndogo ya zamani ya mweka hazina itabaki na Windows 10 na jedwali lake kwa miezi hiyo mitatu, ikiwa imetengwa na intaneti, na flashi yoyote itakaguliwa kabla ya kuchomekwa. Majina na namba za wajane hayatawekwa humo.

Na daftari la ndoa limerudi mezani. Tumenunua jipya la jalada gumu, na nikaha ya Ijumaa iliyopita imeandikwa kwa kalamu kwanza, mashahidi wakatia saini, ndipo ikaingizwa katika kompyuta. Mwenyekiti aliligeuza geuza daftari lile, akauliza limenunuliwa kiasi gani, akasema hilo halihitaji kupandishwa.