Tuziunge Njia za Miguu Buguruni

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, wengi tuliangalia mabasi yenyewe. Wachache ndio waliotambua kwamba kando ya barabara ya mabasi hayo, mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli nao walitengewa njia. Mwaka 2018 jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, nasi tukashangilia, kwa haki kabisa.

Haya, mtu wa Buguruni Mnyamani mwenye baiskeli yake ataifikiaje njia hiyo ya baiskeli? Atoke kichochoroni, aruke mtaro, kisha akutane na Barabara ya Mandela na malori yake ya bandarini. Avuke huku akimwomba Mungu. Akifika ng'ambo, pa kupita pameshikwa na bodaboda na meza za mitumba. (Machinga simlaumu, naye anatafuta riziki, na kumfukuza kwa mgambo bila kumpa pa kwenda ni kumsogeza mita kumi tu.)

Kasoro kubwa haipo kwenye lami, ipo kwenye mipaka ya ofisi. Mandela iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu; mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017; reli ni ya shirika la reli, TRC; na mwendokasi una wakala wake, DART. Kila ofisi hufanya kazi hadi mpaka wake unapokoma. Kipande cha katikati hakina mwenyewe, na hapo ndipo mtoto wa shule husimama akimngoja dereva mwenye huruma.

Kwa hiyo tusidai kwanza njia mpya ndefu za kukatia utepe. Tudai viungo: kivuko, kifuniko cha mtaro, tuta la kupunguza mwendo. Nao wapimaji wasianzie kwenye ramani ya ofisini. Waamke alfajiri wamfuate mama anayewahi sokoni, muuza maji, na dereva wa guta aendaye Kariakoo. Hao walishachagua njia zamani, bila mhandisi. Bogotá, mji uliokuwa kielelezo cha mabasi ya mwendokasi, ulijenga pia mtandao wa njia za baiskeli. Sisi tumelishika basi, baiskeli tukaipa vipande.

Wana Buguruni, mkutano wa mtaa ukiitishwa tusibaki majumbani. Mwenyekiti aulizwe mbele ya watu: kivuko cha Mandela kimo kwenye bajeti ya nani, na kitajengwa lini?