Gari juu ya jeki, mtoto chini yake

Gari letu lilianza kugonga upande wa kushoto mbele kila likishuka tuta. Fundi wa kwanza akasema ni shokapu. Tukanunua mbili kwa hela iliyokuwa ya ada, na gari likaendelea kugonga vilevile. Baba Neema akakasirika kimyakimya. Mimi sikukasirika kimyakimya.

"Safari hii natengeneza mwenyewe," akasema.

Zilizokufa zilikuwa bushi. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili vya mviringo, kimoja ndani ya kingine, pale ule mkono wa chini unaoshika gurudumu unapofungwa kwenye bodi. Mafundi wanauita amu. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira hujinyonga kidogo na kurudi. Ukichakaa unapasuka, gari linagonga, linavuta upande ukikanyaga breki, na tairi linaliwa upande mmoja. Ukiusukuma amu kwa mtaimbo na ukacheza ovyo, usinunue shokapu kwanza, jamani.

Jumamosi akapiga jeki uani, kwenye mchanga, akafungua tairi, akalala chini. Mimi napepeta mchele barazani. Nainua macho, naona miguu minne badala ya miwili. Mdogo wake Neema, wa miaka minne, kaingia chini ya gari kumpelekea baba spana. Na jeki imeshaanza kuzama, imeinama.

Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Baba, njoo uchukue andazi." Akatoka mbio. Nilichomwambia baba yake baada ya hapo hakiandikwi gazetini.

Kazi ilisimama. Tukaenda kwa mzee jirani, fundi mstaafu, akatuazima stendi mbili za chuma, na ubao mnene wa kuweka chini ili zisizame. Tofali alikataa kabisa: la saruji hupasuka ghafla likibeba gari. Magurudumu ya nyuma yakawekewa mawe, na watoto wakaenda kwa shangazi yao mpaka jioni.

Kutoa amu kulikuwa boliti na jasho. Kuingiza bushi mpya ndiko kulikomshinda. Alipiga nyundo, moja ikaingia mshazari, ikaharibika. Mzee akamwambia apeleke kwenye gereji yenye presi, apake maji ya sabuni, si grisi wala oili, maana hizo hula mpira. Tena aweke alama kabla ya kutoa ya zamani, kwani bushi nyingine zina matundu yanayotakiwa kuelekea upande wake. Kama hela inaruhusu, amu nzima iliyokwisha kuwekwa bushi inapunguza kazi sana.

Lakini neno la mzee lililotusaidia zaidi lilikuja mwishoni, Baba Neema akiwa ameshika spana tayari kukaza.

"Usikaze gari likiwa hewani, mwanangu."

Gurudumu likining'inia, amu nao unaning'inia. Ukikaza hapo, mpira unashikwa katika mkao huo, na gari likishuka unabaki umenyongwa mchana na usiku. Unachanika mapema, nawe unarudi dukani ukisema umeuziwa feki. Boliti zinashikizwa tu kwanza. Kisha, bodi ikiwa bado juu ya stendi, unapiga jeki chini ya amu taratibu mpaka uuone umebeba uzito wa gari, ndipo unakaza kabisa. Mzee alitaka na upande wa kulia ubadilishwe siku hiyohiyo. Tulikuwa na bushi za upande mmoja tu, kwa hiyo kulia kukasubiri mwisho wa mwezi.

Jumatatu gari likaenda kupimwa alaimenti. Tuta la shuleni tumelipita bila mlio. Stendi za mzee bado ziko kwetu, na mdogo wake Neema hadi leo akiona spana anadai andazi.