Asiyekutazama usoni si lazima awe na dharau

Miongoni mwa malalamiko ambayo wazazi hutuletea sisi watabibu ni hili: mtoto hamtazami mtu anaposemeshwa, na chakula anachagua. Wengi huwa wamekwisha kutoa hukumu: ni kiburi, ni deko, au ni jini. Maoni yangu ni kwamba kabla ya hukumu kuna swali moja: hali hii ilianza lini?

Kama ilianza utotoni, huenda ni usonji, hali ambayo Dk. Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943. Mtu huzaliwa nayo. Mwaka 2002 Ami Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walipima macho ya watu wenye usonji walipokuwa wakitazama filamu. Wenzao walitazama macho ya waigizaji. Wao walitazama zaidi midomo, miili na vitu. Hiyo si dharau. Mtoto wa namna hii huweza pia kukataa chakula kwa sababu ya harufu, rangi au ulaini wake, hata akiwa na njaa.

Kama ilianza wakati wa kubalehe au baadaye, pamoja na kukonda, fikiria anoreksia. Huu ni ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na huwapata zaidi wasichana. Mgonjwa hujitenga na watu, na njaa yenyewe huchangia. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, kwa hiari yao. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Wakaacha mizaha, wakakwepa wenzao, na mawazo yao yote yakawa kwenye chakula.

Je, mambo haya mawili hukutana? Ndiyo. Christopher Gillberg wa Sweden aliuliza suala hilo mwaka 1983, na tafiti za baadaye, zikiwemo za London, zimeonyesha kuwa dalili za usonji ni nyingi zaidi kwa wanawake wenye anoreksia kuliko kwa wengine. Baadhi yao walikuwa na usonji tangu utotoni bila mtu kutambua. Kwa wengine ni athari ya njaa. Ndiyo maana nasisitiza: ilianza lini?

Hapa kwetu kuna ugumu mwingine. Mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa, kwa hiyo dalili hujificha ndani ya heshima. Basi usimpime kwako wewe mzazi peke yako. Mwangalie akiwa na wenzake. Je, huitika akiitwa jina? Ukimwonyesha ndege kwa kidole, hutazama huko? Hukuletea kitu ili nawe ukione?

Nawe mwenye binti, ukimwona anafunga mfululizo nje ya Ramadhani, anakonda, hedhi imekatika, anahisi baridi na kuzimia, usikimbilie kumsifu kwa ucha Mungu. Apimwe kwanza. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na sheria yenyewe, na anoreksia inaua, mara nyingine kwa kuudhuru moyo.

Asipigwe, wala asishikwe kidevu ili akutazame. Aliyekaa na njaa kwa muda mrefu asishindiliwe chakula kingi kwa siku moja, kwani madini katika damu yake huweza kushuka ghafla na kumhatarisha. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari alivyokuwa akiwa mdogo: alivyocheza, alivyokula, alivyowatazama watu. Maelezo hayo hayapatikani kwenye kipimo cha damu. Anayo mama, bibi, au mwalimu wake wa chuoni. Tusiyafunike kwa neno moja la "kiburi", kwani tiba ya mtoto huyo huanzia hapo.