KONA YATAKA HESABU



Sisi tuliotoka Vitengeni hatukukua na reli, maana reli haikufika Kilifi wala Malindi. Lakini somo la kona tulilijua kabla ya kuvaa viatu vya kazi. Mwenye baiskeli iliyopakia madumu ya maji, akifika penye kona, hujilaza upande wa ndani. Asipojilaza huangukia nje, na maji yamemwagika.

Garimoshi haliwezi kujilaza lenyewe. Ni sisi wa gengi tunaolilaza, kwa kuinua reli ya nje kuliko ya ndani. Kila chombo kiendacho hutaka kwenda moja kwa moja; ili kipinde ni lazima kisukumwe kwa ndani. Reli zikiwa sawasawa, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ukingo wa gurudumu ukisaga reli ya nje. Reli ya nje ikiinuliwa, uzito wa behewa wenyewe husaidia kusukuma.

Kipimo chake si cha kukisia. Katika reli yetu ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kona yenye nusu kipenyo cha mita 200, kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yataka mwinuko wa milimita 51 hivi. Mwendo ukiwa kilomita 72, mwinuko unaotakiwa hauwi mara mbili, bali mara nne: zaidi ya milimita 200! Tukiuweka huo, garimoshi la mizigo likipita polepole litaelemea reli ya ndani na kuiponda. Kwa hiyo mwinuko huwekwa wa kadiri, na mwendo huwekewa mpaka.

Basi na ifahamike: anayemwagiza dereva afidie dakika zilizopotea penye kona, anamwagiza avunje hesabu. Na anayepunguza watu wa gengi, mvua ikachukua kokoto na reli ya nje ikashuka, asije kesho akamwuliza dereva peke yake.

Twataka mambo matatu: kibao cha mwendo kwenye kila kona, kipimo na pimamaji kwa kila gengi, na dereva aliyepunguza mwendo penye hatari asikatwe mshahara kwa kuchelewa.

Nasi, ndugu, tusitie sahihi kona tusiyoipima. Abiria aliyelala akipita kona asiamke, hapo tumefanya kazi.